Dalali Tumtumie au Tumkwepe? Maelezo ya Kamati ya Nyumba

(Maelezo haya yalisomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam. Tunayachapa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika na wale walioko mbali.)



Mkutano wa mwaka jana mlitutuma kazi moja: tutafute nyumba ya kufikia wagonjwa wetu. Sababu mnazijua. Mtu anapewa rufaa kutoka kwetu hadi Muhimbili au Ocean Road. Anashuka kwenye basi pale Mbezi na bahasha ya daktari mkononi, yuko na mtu mmoja wa kumuuguza, na jijini hana ndugu mwenye chumba cha ziada. Hela aliyouza mahindi inaishia nyumba ya wageni kabla hajamwona daktari bingwa. Ndiyo maana mlichanga.

Leo tumekuja na mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya fedha yenu iliyopotea mikononi mwetu. La pili ni jibu la swali ambalo tangu habari hiyo itoke mmekuwa mkituuliza kwenye simu, misibani na harusini: je, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza amtumie dalali, au amkwepe?

Ilivyokuwa

Wanakamati tuko watano. Wanne kati yetu tulinunua viwanja na kujenga kidogo kidogo, na mmoja bado amepanga. Hakuna aliyewahi kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa hiyo tulikuwa wanunuzi wa mara ya kwanza, tena wenye fedha za watu.

Tukampata dalali, kijana wa nyumbani kabisa, tunawajua hata wazazi wake. Akatupeleka upande wa Tabata kwenye nyumba ya vyumba vitano, ina maji, na daladala haziko mbali. Bei shilingi milioni 85. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, akatuonyesha karatasi zenye jina la ukoo wake. Dalali akatuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho saa nne na hela taslimu. Jioni ile ile tukatoa milioni 6, kishika uchumba, tukaandikishiana kwenye karatasi ya daftari. Shahidi alikuwa dalali mwenyewe.

Wiki iliyofuata tulirudi na fundi aangalie paa. Akatoka dada mmoja chumba cha nyuma, akatuuliza kwa upole, "Kaka zangu, nani kawaambia nyumba ya baba inauzwa?"

Mzee mwenye nyumba alikuwa amefariki. Ameacha watoto sita. Aliyetuuzia ni mmoja wao. Mahakama haikuwa imemteua yeye wala mtu mwingine yeyote kuwa msimamizi wa mirathi. Karatasi tulizoonyeshwa zilikuwa za kweli, ila jina lililokuwa juu yake ni la marehemu. Sisi tuliona jina la ukoo, tukaridhika.

Kwa msaada wa serikali ya mtaa tulirudishiwa milioni 2.5. Milioni 3.5 hazikupatikana, muuzaji alishazitumia, na dalali alishachukua chake. Ndugu zetu, hatukuja kujitetea. Wanakamati watano tumekubaliana kuzirudisha wenyewe, kila mmoja shilingi 700,000. Hadi leo kila mmoja amelipa 300,000, jumla milioni 1.5 zimeingia benki, na mhazini anazo risiti. Zimebaki milioni 2, nazo ni deni letu.

Kumkwepa dalali tulijaribu

Baada ya pigo hilo, wengi wenu mlisema basi, madalali wasionekane tena. Na sisi tulisema hivyo hivyo. Kwa miezi miwili tulizunguka wenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi.

Tulichojifunza ni kwamba mji huu hauuzi nyumba kwa kibao. Vibao tulivyoviona zaidi ni vile vya rangi nyekundu ukutani: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Anayeuza kweli hapendi majirani wajue, wala wanaomdai. Anamnong'oneza mtu mmoja, na mtu huyo ni dalali. Matangazo ya mtandaoni nayo, ukipiga namba iliyoandikwa, anayepokea ni dalali. Ukimwomba mwenye nyumba, anakuunganisha na dalali mwingine. Siku moja tulihesabu madalali wanne kati yetu na mwenye mali, na kila mmoja ameweka cha juu chake.

Tukakiri kwamba dalali ana ujuzi ambao sisi hatuna. Anajua nani anauza na kwa nini. Anajua nyumba ya jirani iliuzwa kiasi gani mwaka jana. Anajua mtaa upi unajaa maji masika na upi maji ya bomba hutoka usiku tu. Ujuzi huo una thamani, na mtu aliyeufanyia kazi anastahili kulipwa.

Kwa hiyo kosa letu halikuwa kumtumia dalali. Tulimpa kazi ya dalali, halafu tukamwachia na ya wakili, ya mpima ardhi, ya mthamini na ya shahidi. Dalali analipwa mauzo yakikamilika. Yasipokamilika, nauli yake imepotea. Hata akiwa mwaminifu, hawezi kuwa mtu wa kukwambia "usinunue". Undugu wa nyumbani haubadilishi hilo, na sisi ndio mashahidi.

Neno kwa ndugu zetu mlioko Marekani, ambao mmezoea utaratibu mwingine. Huko wakala wa nyumba ana leseni ya jimbo, mnunuzi anaweza kuwa na wakala wake, na tangu Agosti 2024 mawakala wengi wanatakiwa wasaini makubaliano ya maandishi na mnunuzi, yakitaja malipo, kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. Dalali wa mtaani hapa hayuko hivyo. Unapomtumia mdogo wako hela ya nyumba na kumwambia "dalali atakusaidia", ujue dalali huyo hakuajiriwa na wewe.

Kazi ambazo si za dalali

Kwanza, kujua mwenye mali. Nyumba ikiwa na hati, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi. Utaambiwa jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati ni ya miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo angalia imebaki mingapi. Angalia pia kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Nyumba isipokuwa na hati, usichoke kuuliza: majirani wa pande zote nne, serikali ya mtaa, halmashauri. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kumtambua muuzaji, lakini ofisi ile haisajili ardhi.

Pili, familia. Muuzaji akiwa na mke au mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzake. Mwone huyo mwenzake kwa macho na asaini. Mwenye jina akiwa amefariki, omba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, kisha uzungumze na warithi. Swali moja tu, "Mzee yuko wapi tumsalimie?", lingetuokolea milioni 3.5.

Tatu, mahali penyewe. Mnakumbuka mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilivyobomolewa kwa kuwa zilikuwa kwenye hifadhi ya barabara. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na Jangwani ilivyokuwa. Nyumba ilikuwa nzuri, mwenye nyumba alikuwa wa kweli, na bado mtu akabaki na matofali. Kama eneo limepimwa, uliza matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji, na mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Kama liko bondeni, nenda siku ya mvua.

Nne, bei. Yuko mthamini aliyesajiliwa, na sheria ya usajili wao ilipitishwa mwaka 2016. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na cha juu cha madalali wanne.

Tano, mkataba. Utengenezwe na wakili uliyemtafuta mwenyewe, asiwe aliyeletwa na dalali wala na muuzaji. Mkataba useme nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, na ada za kuhamisha jina. Haya yasipoandikwa, siku ya mwisho kila mtu anamtazama mwenzake.

Kwetu, mama anayenunua chungu cha Wakisi hatosheki kwa kusifiwa na mwuzaji. Anakigonga, anasikiliza. Chungu cha hela ya mboga tunakigonga. Nyumba ya milioni 85 hatukuigonga.

Namna ya kumtumia

Vijana wetu mnaojiandaa kununua nyumba ya kwanza, kwa mkopo wa kazini au kwa akiba ya kikoba, shikeni haya.

Mpate dalali anayemjua mwenye mali moja kwa moja. Mwulize, "Namba ya mwenye nyumba unayo?" Akianza kuzunguka, yeye ni wa tatu au wa nne.

Elewaneni ujira kabla ya kuzunguka, uandikwe, na mseme nani anaulipa. Hela ya kuzungushwa ni nauli tu. Isikufanye uone umeshaingia gharama na huwezi kurudi nyuma. Ujira wenyewe alipwe siku uhamisho wa jina unapokamilika.

Fedha ya nyumba isipite mkononi mwa dalali hata kwa dakika tano. Iende benki, kwenye akaunti ya mtu ambaye jina lake liko kwenye hati, baada ya wakili kusema sawa.

Na ukiambiwa kuna mteja anakuja kesho saa nne, mwache aje. Nyumba ikienda, itapatikana nyingine. Hela ikienda, mnajua tulivyohangaika.

Tulipofika sasa

Safari hii tumetumia dalali tena, tunasema wazi. Si wa nyumbani. Ujira wake umeandikwa: milioni 2, na hatapata hata senti hadi jina libadilike. Ametupeleka kwenye nyumba ya vyumba sita, upande wa Ilala, ambako mgonjwa anafika Muhimbili kwa daladala moja. Upekuzi umefanyika: jina ni la muuzaji, hakuna rehani wala zuio. Mke wake tumezungumza naye sebuleni kwake, akatupa chai. Mpima ameonyesha mipaka, na mthamini ametoa taarifa yake. Tulikwenda pia mvua ilipokuwa inanyesha, miguu ikabaki mikavu. Malipo ya awali hatujatoa.

Bei tuliyokubaliana ni milioni 78. Tukiongeza ujira wa dalali milioni 2, na milioni 3 za wakili, ushuru wa stempu na ada za usajili, inakuwa milioni 83. Mfuko una milioni 61, pamoja na zile 1.5 tulizorudisha. Pengo ni milioni 22. Milioni 2 katika hizo ni za wanakamati, na zitaingia kabla ya mkataba kusainiwa. Milioni 20 ndizo tunazowaomba ninyi. Muuzaji amekubali kutusubiri hadi mwisho wa Desemba, na hilo tumelithibitisha kwake mwenyewe, si kwa dalali.

Tunajua wako wanaosema, "Hawa wameshapoteza, tuwape tena?" Ni haki yao kuuliza. Jibu letu ni kwamba msitupe sisi. Akaunti ni ya umoja, watia saini ni watatu na hakuna mwanakamati kati yao, na hundi itaandikwa jina la mwenye nyumba mbele ya wakili. Anayetaka kuona taarifa ya upekuzi na ya mthamini, ziko kwa katibu. Njooni mzisome, mtukosoe. Anayetaka kwenda kuiona nyumba, tunaondoka kila Jumamosi saa tatu asubuhi.

Wakati tunaandika maelezo haya, yuko baba mmoja wa Manda anayemuuguza binti yake, na wote wawili wamelala sebuleni kwa mmoja wetu. Hajui habari za hati wala za madalali. Anauliza kila jioni ile nyumba ya watu wa nyumbani inafunguliwa lini. Tusaidieni tumpe jibu.