Sindano za Kujaza Uso: Ujue Mshipa Kabla Hujakubali

  Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo zamani tulidhani ni la watu wa sinema peke yao, lakini sasa limefika hata katika saluni za mitaani. Ni sindano za kujaza uso, ambazo wengi huziita fila.

Fila ni nini? Ni jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kunenepesha midomo, kujaza mikunjo iliyo kati ya pua na mdomo, au kuinua pua. Aina inayotumika sana hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata miili yetu hujitengenezea. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Hii ni ya asili, haina neno." Mama, neno lipo. Hata jeli iliyo safi huleta madhara makubwa ikiingia mahali pasipofaa.

Hebu tufanye jambo moja pamoja. Uma meno kwa nguvu, kisha weka kidole kwenye taya, chini ya sikio. Utasikia msuli ukivimba. Huo ni msuli wa kutafunia. Telezesha kidole mbele, kwenye ukingo wa chini wa taya, mpaka pale msuli unapoishia. Sasa legeza meno, ubonyeze polepole. Je, unasikia kitu kikidunda? Huo ni mshipa wa damu uitwao ateri ya uso.

Mshipa huu hutoka shingoni, huvuka taya hapo uliposhika, kisha hupanda ukijipindapinda hadi karibu na pembe ya mdomo. Hupeleka tawi moja kwenye mdomo wa chini na jingine kwenye mdomo wa juu. Halafu huendelea kando ya pua hadi kona ya ndani ya jicho. Huko hukutana na matawi ya mshipa mwingine, ule unaolisha jicho kwa damu. Yaani mabomba ya uso na mabomba ya jicho yameunganishwa.

Sasa fikiria sindano imeingia ndani ya mshipa huo kwa bahati mbaya. Jeli inaweza kuziba njia, na ngozi ya mdomo au ya pua ikakosa damu na kuanza kufa. Tena, ikisukumwa kwa nguvu, jeli inaweza kurudi nyuma, kinyume cha mkondo wa damu, hadi kwenye mshipa wa jicho. Mkono ukiacha kusukuma, damu huibeba jeli hiyo mbele na kuziba mshipa wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mtu anaweza kupofuka papo hapo. Jeli ikifika kwenye mishipa ya ubongo, huleta kiharusi.

Mambo haya hayatokei kila siku. Lakini yametokea, na mwaka 2015 shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, FDA, lilitoa onyo juu ya fila kuingia katika mishipa ya damu. Lilitaja hasa sehemu iliyo kati ya nyusi, pua, paji la uso na pande zote za macho. Jambo jingine ni kwamba mishipa ya watu haifanani. Kwa mmoja mshipa hufika kwenye jicho, kwa mwingine huishia karibu na mdomo. Hata upande wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja huweza kutofautiana. Kwa hiyo daktari mwenye ujuzi huwa mwangalifu sana, na aliyejifunza kwa kutazama video kwenye simu hana habari.

Dalili za hatari ni zipi? Ni maumivu makali, wakati wa kudungwa au baadaye. Ngozi kubadilika rangi, ikapauka, ikawa ya kijivu, au ikafanya mabakamabaka kama wavu. Kwa ngozi nyeusi si rahisi kuona, kwa hiyo linganisha pande mbili za uso kwenye mwanga wa jua. Gusa, uone kama upande mmoja ni baridi. Bonyeza kwa kidole uachilie, uone kama rangi inachelewa kurudi. Na ikiwa macho yanaona giza, kope imelegea, mtu anatapika, anaumwa sana na kichwa, au upande mmoja wa mwili umekosa nguvu, hiyo ni dharura kubwa.

Ufanye nini? Usingoje kesho. Kwa macho, dakika chache tu ni nyingi. Nenda hospitali kubwa yenye daktari wa macho, na umjulishe aliyedunga. Usiweke barafu, kwa kuwa baridi hubana mishipa zaidi. Beba pakiti au jina la kilichodungwa. Ikiwa ni ya asidi ya hayaluroniki, ipo dawa ya kuiyeyusha, iitwayo hayaluronidesi. Lakini haiyeyushi silikoni wala mafuta.

Hapa, mama, nina ombi. Binti akirudi nyumbani amefunika mdomo kwa leso, usianze kwa kumgombeza. Akiogopa maneno yako atajifungia chumbani na maumivu yake, na wakati wa kumwokoa utapita. Mtazame kwanza, mpeleke hospitali, maneno mtayazungumza akipona.

Na kabla ya kukubali sindano, uliza. Je, wewe ni daktari uliyesajiliwa? Nionyeshe leseni yako. Ni dawa gani hii, na pakiti inafunguliwa mbele yangu? Dawa ya kuiyeyusha unayo hapa, sasa hivi? Akikosa jibu la swali hata moja, chukua mkoba wako uondoke. Kama una mimba au unanyonyesha, usidungwe. Kwa vijana, FDA haijaidhinisha fila kwa walio chini ya miaka 22, na Uingereza ilipiga marufuku kuwadunga walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo tangu Oktoba 2021. Mwaka huohuo FDA ilionya pia juu ya kalamu zisizo na sindano, zinazouzwa ili mtu ajijaze midomo mwenyewe nyumbani. Usizinunue.

Sisemi kwamba kujipamba ni vibaya. Nasema uso una mishipa, na mishipa hiyo inafika machoni. Leo jioni, mwite binti yako, mwekee kidole kwenye taya asikie ule mshipa ukidunda, umweleze unakokwenda. Ni somo la dakika mbili, na huenda likamwokoa jicho.