Kuziba Tairi la Trekta Nyumbani

Someni nami polepole.

Mvua za Novemba zikikaribia hapa Uyole, kila mwenye shamba hutaka trekta. Trekta lenye pancha halilimi. Jirani yangu mmoja aliziba mpira wa ndani mara tatu katika juma moja, akanunua gundi mara tatu. Kiraka hakikuwa na kosa. Mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi!

Leo tushike gurudumu dogo la mbele. La nyuma ni zito mno, na wengine hulijaza maji ili trekta lisiteleze. Kwa hilo mwiteni fundi.

Simamisheni trekta mahali tambarare. Zuieni magurudumu mengine kwa mawe. Liinueni kwa jeki, kisha wekeni gogo nene chini ya ekseli, maana jeki huweza kuteleza. Toeni upepo wote kabla ya kugusa tairi kwa chuma. Utoeni mpira wa ndani, ujazeni upepo kidogo, uzamisheni katika karai la maji. Penye mapovu ndipo penye tundu. Wekeni alama hapo.

Sasa, kabla ya gundi, pitisheni kitambaa ndani ya tairi pande zote. Msitumie kidole. Kitambaa kikinasa, hapo pana mwiba au msumari. Ung'oeni kwa koleo.

Kausheni mpira, usugueni kwa msasa. Kateni kiraka cha duara kutoka mpira wa zamani. Chenye pembe hubanduka upesi. Nacho kisugueni. Pakeni gundi kwenye mpira na kwenye kiraka, ngojeni mpaka isinate kidoleni, ndipo mbandike na kugongagonga. Wengi hukosa subira hapa.

Ikiwa tairi lenyewe lina tundu dogo, wekeni kipande cha tairi kuukuu kati yake na mpira, kingo zake zikiwa zimechongwa nyembamba kwa kisu. Kitasaidia shambani kwa mwendo wa polepole. Msivute tela la viazi kwa tairi hilo katika barabara kuu ya kwenda Mbeya. Tena nyuzi za ubavuni zikikatika, au waya wa ukingoni ukionekana, msizibe kabisa. Tairi la namna hiyo laweza kupasuka wakati wa kujazwa na kumwua mtu. Mnapojaza, simameni kando yake, mbali kidogo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: mwiba, msasa, gundi, kiraka, jeki.