Kuhesabu Mimea Hakutoshi



Mkulima wa Rangwi, katika milima ya Usambara, huchuma mnavu leo, na baada ya siku chache hurudi akachuma tena. Hakuna anayehofia kwamba mnavu utakwisha. Huota wenyewe shambani, hukua upesi, hutoa mbegu nyingi, na mchumaji huchukua majani tu. Lakini katika milima hiyo hiyo umo mmea mwingine ambao kapu moja la mchumaji asiyejali laweza kuufuta kabisa mahali pake. Mmea huo ni ua la Usambara, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia.

Jina hilo lilitoka kwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Wajerumani, aliyelipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilitangaza kwa jina hilo. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara wa California walianza kuzalisha aina mpya, na leo ua hilo hupamba madirisha Ulaya na Marekani. Mtu atauliza: ua lililojaa madukani litakuwaje adimu? Hapo ndipo lilipo kosa. Aina zake za porini asili yake ni Tanzania na Kenya tu, na mojawapo imepewa jina la Shume, hapa Lushoto. Ikitoweka msituni, maua ya vyunguni hayawezi kuirudisha.

Basi, hatari ya uvunaji hupimwaje? Yako maswali manne.

Kwanza, ni sehemu gani ichukuliwayo? Jani moja la ua hili, likipandwa na kikonyo chake, hutoa mche mzima, na mmea mama hubaki hai. Anayeng'oa shina pamoja na mizizi ameua.

Pili, mmea huota wapi? Ua hili hushika miamba yenye kivuli na unyevu. Mahali pa namna hiyo ni pachache na pametengana, hata kundi moja likiisha, si rahisi jingine kuziba pengo.

Tatu, hukua kwa kasi gani? Nne, nani anauhitaji, na kwa kiasi gani? Maswali haya mawili huonekana wazi katika mti mwingine wa milima hii, Prunus africana. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, na soko lake kubwa liko Ulaya. Likibanduliwa upande tu, mti waweza kupona. Likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Mti huchukua miaka mingi kukomaa, lakini soko halingoji. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imo chini ya mkataba wa CITES, na nchi inayouza hutakiwa kuthibitisha kwanza kwamba uvunaji hautauangamiza. Ushahidi hutangulia, kibali hufuata.

Ni dhahiri, basi, kwamba idadi peke yake haitoshi. Kundi la mimea mikubwa mia moja lisilo na mche hata mmoja limo hatarini kuliko kundi la mimea thelathini lililozungukwa na miche. La kwanza ni kijiji cha wazee kisicho na watoto.

Tena upo uvunaji usioandikwa popote. Mti ukikatwa, jua huupiga mwamba uliokuwa kivulini, na ua hukauka bila kuguswa na mkono wa mtu. Anayekata mti amechuma pia kilichoota chini yake.

Kwa hiyo, mtumishi anayetia sahihi kibali cha kukata miti hana budi kuuliza kwanza kuna nini chini ya miti hiyo. Naye mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mwamba ule ule kila mwaka, wakahesabu mimea mikubwa na miche, bila kung'oa hata mmoja, wakaandika katika daftari la shule. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka mbali.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Ua la Usambara likitoweka Usambara, watakaopoteza kwanza ni wenye milima.