Visa ya masomo: karatasi zote ziseme neno moja

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi, Bukavu

 

Sisi tuliorudi kutoka masomoni, kila mwaka Egzetati ikipita tunaona vijana wanakuja na bahasha mkononi. Visa ya Ubelgiji inaombwaje? Ya Canada inachukua muda gani? Sanduku litatukopesha ngapi? Tunawajibu: kwanza fungua hiyo bahasha. Dosie nyingi tulizoona zikirudi na jibu la hapana, mtoto alikuwa na akili, na mara nyingine pesa pia ilikuwepo. Karatasi zake njo zilikuwa zinabishana.

Tuanze na jina, maana hapo Mkongomani anaumia zaidi. Tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, tulizoea kuandika posnomu, na leo tuko na majina matatu: nomu, posnomu, prenomu. Formilere za nchi nyingi ziko na nafasi mbili tu. Mtoto anajaza anavyojisikia: leo posnomu anaiweka pamoja na nomu, kesho anaipeleka upande wa prenomu. Ongezeni hapo maandishi ya Mashi. Tuseme unaitwa Cirhuza. Mwalimu wa primeri aliandika Chiruza, komini ikaandika Cirhuza, diplome ya Leta ikatoka na Ciruza. Hapa Kadutu kila mtu anajua ni wewe yule yule. Afisa wa ubalozi hajui Kadutu. Yeye anaona watu watatu.

Angalieni mistari miwili ya chini kabisa kwenye ukurasa wa picha wa paspoti, ile yenye alama nyingi za <. Baada ya herufi COD, kila kinachotangulia alama mbili << ni jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Jaza formilere zote hivyo hivyo, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani hawakuiti hivyo. Na hizo herufi COD muzishike vizuri, kwa sababu kwenye orodha ya nchi kuko Congo mbili. COG ni Brazzaville. Juni 2025 Marekani ilipofungia raia wa nchi kadhaa, Congo iliyotajwa ilikuwa Brazzaville, lakini hapa mjini kuko wazazi walioacha dosie za watoto wao kabisa, wakidhani ni sisi.

Kama diplome inapishana na paspoti, usifiche. Enda mapema komini au tribinali, utafute karatasi ya kurekebisha, uiweke ndani ya dosie pamoja na barua fupi ya kueleza. Tarehe ya kuzaliwa ni vile vile, hasa kwa wale waliopata jugement supplétif wakiwa wakubwa na umri ukapunguzwa kidogo. Usikwangue herufi. Usimwombe mtu wa papeteri akutengenezee kwa kompyuta. Sheria ya Canada inamfungia mlango miaka 5 anayepatikana na uongo ndani ya dosie, na haijalishi kama uongo uliandikwa na komisyonere: anayefungiwa ni mwenye jina.

Sasa pesa. Vita vilipoingia mjini Februari 2025, benki zilifunga milango na ndege zikaacha kutua Kavumu. Watu wetu wanatunza pesa kwenye simu, au wanavuka Ruzizi. Hiyo siyo kosa, lakini afisa hawezi kuikisia, lazima aelezwe. Canada, tangu tarehe 1 Septemba 2025, inataka mwanafunzi wa peke yake aonyeshe dola zao 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na minervali na tiketi. Quebec iko na hesabu yake, na kule unatafuta kwanza ruhusa ya jimbo. Pesa ikionekana yote kwa siku moja, wiki moja kabla ya kupeleka dosie, afisa atauliza imetoka wapi. Kama mzee aliuza kiwanja Panzi, weka hati ya mauzo. Kama ni mchango wa familia, kila mmoja aandike barua na aonyeshe kazi yake.

Kwa Ubelgiji, mjomba wa Brussels anaweza kusaini Annexe 32. Amueleweshe mke wake kwanza! Kwa sahihi hiyo anabeba gharama za masomo, za kuishi, za hospitali, hata za kukurudisha nyumbani. Na ekivalansi ya diplome kwa shule za Kifaransa mwisho wake wa kawaida ni tarehe 15 Julai. Anayengoja mpaka Agosti ndipo aanze, mara nyingi amekwisha poteza mwaka.

Barua ya nia, tafadhali, msinakili. Tumesoma barua tatu zenye maneno yale yale, moja ikiwa bado na jina la iniversite ya mwingine. Sema umesoma nini, kwa nini kozi hiyo, kwa nini haiko UCB wala UOB, utafanya nini ukimaliza. Sheria ya Marekani inamhesabu kila anayeomba visa ya mwanafunzi kuwa anataka kubaki kule mpaka aonyeshe kinyume. «Nataka maisha mazuri» haionyeshi kitu.

Wa Kampala na Nairobi nao wasikie. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na kuvuka mpaka kumekuwa rahisi zaidi. Lakini kibali cha mwanafunzi ni karatasi nyingine, na shule njo inakusaidia kukiomba.

Wafadhili wanatuuliza kwa nini sanduku linachelewa kukopesha. Balozi nyingi ziko Kinshasa. Toka hapa hakuna barabara ya maana, na kwa ndege siku hizi unazunguka katika nchi za watu. Karatasi moja iliyosahaulika ni safari nzima imekufa, na deni linabaki kwa mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu. Kwa hiyo watu wawili kati yetu watasoma dosie yote kabla pesa haijatoka, na mkopo utalipa ada za ubalozi na za iniversite moja kwa moja. Komisyonere hatutamlipa.

Wenye bahasha wabaki. Tunaanza na paspoti.