Unene wa Diski ya Grenda: Hoja ya Kuanza na Nyembamba



Fundi anayekwenda dukani kununua diski ya kukatia vyuma kwa kawaida hutaja ukubwa tu: ya inchi nne na nusu, ya inchi saba, ya inchi tisa. Unene humwachia muuzaji. Akiulizwa anapendelea ipi, jibu linalosikika sana katika karakana zetu za mageti na madirisha ni kwamba nene ndiyo hudumu. Mada hii inalipinga jibu hilo. Ninachodai ni kwamba kwa grenda ndogo na chuma chepesi, diski ya milimita 1.0 au 1.2 ndiyo inayostahili kushikwa kwanza, na anayechukua ya milimita 2.5 au 3 awe na sababu anayoweza kuitaja. Sababu za kuchukua nene zipo, nami nitazifikia. Kudumu si mojawapo.

Tuanze na kitu chenyewe. Mafundi wengi huiita diski hii "jiwe", na jina hilo, ingawa limezoeleka, linapotosha, kwa sababu jiwe ni kitu kimoja kigumu ambacho unene wake ndio uimara wake. Diski ni mkusanyiko wa punje ngumu, oksidi ya alumini kwa chuma au kabidi ya silikoni kwa mawe na zege, zilizoshikwa pamoja kwa gundi ya rezini na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi za fibaglasi. Kila punje ni patasi ndogo: inakwangua chuma, inabutuka, inang'oka, na iliyo nyuma yake inashika zamu. Diski isiyoliwa haikati. Basi swali la maana si diski itakaa siku ngapi kwenye mashine, ni kazi kiasi gani imefanyika kwa kila sehemu ya diski iliyoliwa. Majibu mengine yameandikwa kwenye diski yenyewe. "115 x 1.0 x 22.23" ni kipenyo, unene na tundu, vyote kwa milimita. Alama kama "A 60 T BF" hutaja aina ya punje, ukubwa wake, ugumu wa mshiko, na kwamba gundi ni rezini yenye nyuzi. Namba ikiwa kubwa punje ni ndogo; diski nyembamba nyingi hubeba punje za 46 au 60, na nene hubeba 24 au 30. Kwa hiyo anayechagua unene huwa amechagua na ukali wa mkato bila kujua.

Sasa hesabu. Chukua bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 1.5, linalotumika sana kwenye mageti. Eneo la chuma chake likikatwa wima ni milimita za mraba 231. Diski ya milimita 1 italazimika kusaga chuma cha ujazo wa milimita za ujazo 231 hivi ili imalize mkato mmoja; ya milimita 3 itasaga 693. Katika mikato 100, ya kwanza imegeuza kuwa cheche na vumbi gramu 180 hivi za chuma, ya pili gramu 540 na zaidi. Tena kuna urefu unaopotea. Bomba la mita 6 likikatwa mara tisa kwa diski ya milimita 3 hupungua milimita 27, na vipande havitatoka sawa na hesabu ya karatasini. Kwa diski ya milimita 1 hupungua 9.

Mtetezi wa diski nene atajibu: sawa, chuma kinapotea zaidi, lakini diski yangu ina nyama mara tatu, kwa hiyo nitakata mara nyingi zaidi kabla sijanunua nyingine. Pingamizi hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo lenye kosa zuri kulichunguza. Ni kweli ina nyama mara tatu. Diski ya kipenyo cha milimita 115 ikitumika mpaka ibaki 70, eneo linaloliwa ni kama milimita za mraba 6,540. Kwa unene wa milimita 1 hiyo ni milimita za ujazo 6,540, na kwa unene wa 3 ni 19,620. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba diski hizi huliwa kiasi kilekile na chuma zinachosaga. Ya kwanza itakata bomba letu mara 28, kwa kuwa kila mkato unadai 231. Ya pili nayo itakata mara 28, kwa kuwa kila mkato unadai 693. Nyama imeongezeka mara tatu na deni limeongezeka mara tatu. Ukibadilisha kiwango cha kuliwa, namba 28 itabadilika, lakini itabadilika kwa zote mbili. Tofauti itakayoonekana karakanani itatokana na ubora wa gundi, aina ya punje na mkono wa fundi, wala si unene peke yake.

Mbona basi sifa ya nene haifi? Kwa sababu nene huvumilia. Fundi akiyumba, akipinda katikati ya mkato, au akiitumia kusawazisha maungio ya weldingi (jambo ambalo hakuna diski ya kukatia iliyotengenezwa kulifanya), nene hustahimili mara kadhaa pale ambapo nyembamba ingemega ukingo. Kinachoitwa kudumu ni msamaha kwa mkono usiotulia.

Mashine nayo ina lake la kusema. Nguvu ya mota ya grenda ndogo haiongezeki kwa sababu diski imenenepa. Ikiwa kazi ya kusaga ni mara tatu na nguvu ni ileile, kinachobaki kuongezeka ni muda, na pamoja na muda joto. Fundi asiye na subira huusukuma mkono, mota hupunguza mwendo, huvuta umeme mwingi zaidi, na pale umeme unapokuwa hafifu au waya wa kuunganishia ni mrefu na mwembamba, mashine huanza kunuka. Kwenye chuma chenyewe joto huacha ushahidi. Ukingo wa chuma cha kawaida hugeuka rangi ya bluu ukifika nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi. Bomba lililopakwa zinki hupoteza ngozi yake kando ya mkato, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na kutu huanzia hapo. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki ya jikoni na vitanda vya hospitali, kikibadilika rangi kwa joto huwa kimepoteza kinga yake mahali hapo, na ndiyo maana diski zake hutengenezwa bila chuma, salfa wala klorini na nyingi huwa nyembamba. Mkato wa diski nyembamba hauondoi joto lote. Hulipunguza, na huacha makali machache ya kupiga tupa.

Lipo pingamizi la usalama, nalo silidharau: nyembamba huvunjika. Ni kweli, na hesabu yake ni kali. Ukakamavu wa bamba hufuata mchemraba wa unene, hivyo bamba la milimita 3 hustahimili kupindwa takriban mara 27 kuliko la milimita 1 la kitu kilekile. Lakini angalia kinachoipinda diski. Aghalabu ni chuma kilichoegemezwa vibaya: bomba likishikwa ncha zote mbili huku mkato ukiwa katikati, likikaribia kukatika hulala na kuubana mdomo wa mkato. Hapo hata diski nene hubanwa, mashine huruka, na ikipasuka, vipande vyake ni vizito zaidi kwa mwendo uleule. Dawa ni kuliegemeza bomba ili kipande kinachokatwa kidondoke nje na mwanya ufunguke. Kinga ya mashine nayo ibaki mahali pake. Kuna tabia ya kuing'oa ili diski ya inchi tisa iingie kwenye mashine ya inchi nne na nusu. Mashine hiyo ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa diski ya milimita 230 huenda mita 132 kwa sekunde, ilhali diski hizo kwa kawaida zimepangiwa mita 80. Hilo halina mjadala. Tazama pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski: watengenezaji makini hugonga hapo mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, usiozidi miaka mitatu tangu kutengenezwa, maana rezini hudhoofishwa na unyevu, na hewa ya pwani tunaijua.

Nene inapostahili, istahili waziwazi. Nondo kwenye eneo la ujenzi, ambako hakuna jiliwa na chuma hutikisika, inahitaji milimita 1.6 au zaidi. Chuma cha pembe cha milimita 5 hukatwa vizuri kwa 1.6. Mhimili mzito, mtaimbo, au kufukua weldingi mbovu kunadai 2.5 au 3. Grenda kubwa ya milimita 230 ina hali yake, kwani diski pana ikiwa nyembamba mno hupepea, na unene wa 2 hadi 3 ndio wa kawaida. Zege na vigae ni habari ya diski za almasi, na hatutaziingilia.

Walimu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana mliopo hapa, hamhitaji kuniamini. Nunueni diski mbili za mtengenezaji mmoja, moja ya milimita 1 na nyingine ya 3, na bomba moja la mita 6. Mpeni fundi mmoja aliyetulia azikatie zote, mhesabu mikato, mpime muda kwa saa, mpime bomba lililobaki kwa futi, kisha mwandike matokeo ubaoni mahali ambapo wanagenzi wanatundika mashine.