Ghala na Ini: Maneno kwa Makatibu na Watunza Ghala



Katikati ya mwaka 2016, katika vijiji vya Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara, watu waliugua kwa namna iliyofanana. Macho yaligeuka manjano, matumbo na miguu ilivimba, wakatapika. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 68, na 20 kati yao walifariki. Nyumba nzima ikiugua pamoja, wapo wanaofikiri kurogwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maini yalidhuriwa na sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi.

Ini ndilo hushughulikia sumu ya kila kinacholiwa, kwa hiyo ndilo hupigwa kwanza. Sumu ikiwa nyingi huua upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, mtu hahisi neno, lakini huweza kupata saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini hakuna. Mgonjwa akiwahi hospitali husaidiwa tu ini lipate kupumzika.

Kuvu huanza shambani. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa mbelewele, jambo la kawaida katika nyanda hizi za kati, hudhoofika na kuvu huingia. Ghala humalizia: punje zilizoanikwa juu ya udongo, magunia yaliyolazwa sakafuni, bati linalovuja. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Chama kisicho na kipimo kitie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kiitikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye gunia lililoota ukungu. Katibu hulitazama, akakumbuka deni la msimu, akaamuru lichanganywe na mazuri. Au huuzwa kwa bei ya chini kwa wapika pombe, au hulishwa ng'ombe wa maziwa. Kupika hakuiondoi sumu hii, na kwa ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa anayonyweshwa mtoto.

Gunia la namna hiyo litengwe, afisa kilimo aitwe, liteketezwe mbele ya wajumbe wawili wa kamati, na uzito wake uandikwe daftarini kuwa hasara pamoja na sahihi zao. Wanachama watanung'unika mkutanoni. Mkaguzi naye atauliza, kwani ndiyo kazi yake. Aonyeshwe ukurasa huo.