Ushuru: Nani Analindwa, Nani Analipa?

Leo tuzungumze juu ya ushuru wa bidhaa za nje. Tutazame Marekani.

Huko mjumbe wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa na eneo dogo. Tuseme eneo lake linategemea kiwanda cha viatu. Viatu rahisi vya nje vikija, wapigakura wake watakosa kazi. Basi hudai ushuru. Viatu vitapanda bei nchi nzima, lakini wanunuzi wengi hawampigii yeye kura. Seneta huchaguliwa na jimbo zima. Humo mna wenye kiwanda, mna wanunuzi, mna na wakulima wauzao ngano nje. Hana budi kuwasikiliza wote.

Mwaka 1930 wabunge walisaidiana: linda changu, nilinde chako. Ikatoka sheria ya Smoot-Hawley, ushuru ukapanda. Kanada na wengine wakalipiza kisasi. Wakulima wa Marekani wakapoteza soko. Mwaka 1934 Bunge likampa Rais, aliyechaguliwa na nchi nzima, uwezo wa kupatana na nchi nyingine na kupunguza ushuru hadi nusu.

Mjumbe yule si mbaya, anawatetea waliomtuma. Ila sisi tukisikia mtu anadai ushuru, tuulize: kazi ya nani inalindwa, na mfuko wa nani unalipa?